Chumba cha Mapipa

Thérèse alimjua mume wake kwa pua. Wanawake wengine huangalia macho, wengine husikiliza jinsi ufunguo unavyohangaika kwenye kitasa. Yeye alisimama tu karibu na mlango akijifanya anatundika koti la Gustave, na pumzi moja ilimtosha kujua kama jioni hiyo nyumba itakuwa na amani. Gustave alipoacha pombe, pua ile ilipumzika. Kisha yakaja mapipa.

Yalikuwa mapipa ya mwaloni yaliyovuka bahari kutoka Marekani, yakiwa yamekwisha kulaza ile wiski yao iitwayo bourbon. Watengenezaji wa wiski wa huku Afrika Kusini waliyatumia tena, na yalipochoka kabisa waliyauza kwa yeyote aliyeyataka. Gustave aliyataka. Katika karakana yake ya Doornfontein aliyafungua pete zake za chuma, na kila pipa likafunguka kama ua. Vifuniko vikawa saa za ukutani na sinia. Mbao zilizopinda zikawa taa za kuning'inia, vinara vya mishumaa, rafu za kuwekea mvinyo. Jumamosi alivipeleka kwenye soko la matajiri upande wa kaskazini wa jiji, na wanunuzi wa huko walikuwa na tabia moja: walinusa kwanza, wakatabasamu, ndipo wakauliza bei.

Harufu hiyo hiyo ndiyo iliyomfuata nyumbani Yeoville. Ilipanda naye ngazi, ikaingia naye katika ile nyumba ya ghorofani ambayo sebule yake ilikuwa imegawanywa kwa mapazia, kila pazia na familia yake.

"Vua hapo hapo," Thérèse alimwambia kila jioni.

Gustave alivua ovaroli barazani, kwenye baridi, akaingia na fulana. Haikusaidia. Harufu ilikuwa imekaa kwenye nywele, kwenye ndevu, katikati ya vidole. Ilikuwa tamu, kama vanila na sukari iliyoungua, na chini yake ulikuwepo ule ukali ambao Thérèse aliujua vizuri mno.

"Unanusa nini, mama Chloé?"

"Sinusi kitu. Nina mafua."

Alikuwa hana mafua. Alikuwa amepoteza kitu ambacho hakuweza kukitaja hata kwa Célestine, rafiki aliyefanya naye kazi saluni: hakuwa tena na njia ya kujua. Usiku alilala karibu na mume wake kama mtu aliyelala kando ya shamba geni, akasikia pumzi zake zikienda na kurudi, na mara nyingine, katikati ya usingizi, harufu ile ilimpendeza. Hilo hakumwambia mtu.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 2017, na kulikuwa na habari njema. Mwenye mgahawa mmoja wa kaskazini, aitwaye Steve, alikuwa ameagiza taa za ukumbi wake wote. Kazi hiyo ikikamilika, wangeweza kuhama. Thérèse alikwisha kuiona nyumba yenyewe huko Turffontein: vyumba viwili nyuma ya nyumba ya bibi mmoja Mreno, na ua wenye mndimu. Siku aliyokwenda kuitazama, farasi walikuwa wakikimbia kwenye uwanja wa mbio uliokuwa mtaa wa pili. Hakuwaona. Alizisikia tu kwato zao, kama mvua inayopita kwenye mabati ya jirani bila kufika kwako, akasimama chini ya mndimu mpaka zikaisha.

"Watu wengine wanalipa ili kuwaona," bibi yule alimwambia. "Wewe utawasikia bure."

*

Jumapili ile Gustave aliondoka kabla jua halijatoka. Taa zilitakiwa Ijumaa, na bado hazikuwa zimepigwa msasa zote.

"Huli kwanza?"

"Si tumefunga na kanisa? Nitafungua jioni. Nitawakuta kwenye ibada."

Kanisa lao lilikuwa ukumbi wa juu ya duka la magodoro. Kwaya ilikuwa imesimama, na Thérèse, aliyekuwa na sauti ya kuongoza, ndiyo kwanza ameanza ubeti, alipomwona mume wake mlangoni. Gustave alitembea taratibu mno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Usoni alikuwa na tabasamu laini, lisilomlenga mtu. Thérèse alilijua tabasamu lile. Akauacha wimbo, wenzake wakaendelea bila yeye.

Chloé, binti yao wa miaka tisa, aliinua mkono kumwonyesha baba yake kiti alichomwekea. Gustave akaelekea huko. Mguu wake ukanasa kwenye kiti cha plastiki, kiti kikaangukia kingine, safu nzima ikaenda chini kwa kelele, na yeye juu yake. Waimbaji wakanyamaza. Harufu ikatangulia kuinuka kabla yake.

"Sikunywa," Gustave alisema akiwa bado chini. "Ndugu zangu, sikunywa kitu."

Kwenye safu za nyuma mtu alicheka. Wazee wawili wa kanisa wakamshika makwapani, wakamtoa nje kwa upole uleule wanaoutumia kwa wenye mapepo. Mama Marthe, mke wa mchungaji, aliweka leso puani na hakuiondoa mpaka mlango ulipofungwa.

Baada ya ibada alimshika Thérèse kiwiko, akamvuta pembeni.

"Dada yangu, kwanza pumzika kuimba."

"Nimekosa nini, mama?"

"Si adhabu. Ni mapumziko tu. Mtu mwenye mzigo nyumbani hawezi kubeba na kwaya." Kisha akashusha sauti, ingawa waliokuwa karibu walikuwa wakisikiliza wote. "Na ile sare ya kwaya, uilete tu ukishaifua. Kuna dada mgeni hana."

*

Gustave alilala mchana kutwa. Jua la baridi lilipokuwa likiondoka dirishani, aliamka ameshika kichwa.

"Ni ule mvuke, mama Chloé," alisema. "Pipa lililokuja juzi bado lina pombe ndani, sijaimwaga. Nilikuwa napiga msasa tangu alfajiri, kihita kinawaka, na tumbo tupu."

"Mvuke."

"Nakuapia."

"Uliniapia vilevile ulipokuwa unasema ni dawa ya kikohozi."

Nyuma ya pazia la jirani redio iliyokuwa ikiimba ilipunguzwa sauti, na wote wawili wakajua ni kwa nini.

Chloé alikaa kwenye ukingo wa kitanda akimtazama baba yake. Kiswahili cha wazazi wake alikielewa chote, lakini alijibu kwa Kiingereza cha shule. Aliuliza kama papa yake ni mgonjwa.

"Papa amechoka," Thérèse alisema.

Mtoto akauliza tena: amechoka kama wakati ule, au amechoka kweli?

Gustave aligeukia ukutani. Na Jumatatu hakuinuka kwenda kazini. Simu ilitikisika chini ya mto, jina la Steve likiwaka na kuzimika.

"Hupokei?"

"Nitamwambia nini? Pipa limeshanisemea. Kama harufu yangu ina nguvu kuliko neno langu, basi nikae tu."

"Na Turffontein?"

Gustave aliutazama ukuta kana kwamba Turffontein ilikuwa imechorwa pale na sasa rangi inabanduka.

*

Jumanne asubuhi Thérèse alichukua ufunguo wa karakana kwenye mfuko wa ovaroli. Hakwenda kumwombea mume wake wala kumsaidia. Alikwenda kuitafuta chupa.

Karakana ilikuwa ndani ya jengo la zamani la kiwanda cha nguo, lenye ua wa saruji katikati. Uani alifanya kazi Bakiri, mtu wa Tanga, fundi wa kuchomelea mageti. Alikuwa amechuchumaa mbele ya geti la mtu, akalisukuma kando alipomwona mgeni.

"Shemeji! Karibu. Jamaa yuko wapi?"

"Nyumbani. Kaka Bakiri, nimekuja kuchukua vitu vyake."

Bakiri alimtazama, akaona hana mfuko wa kubebea kitu. "Haya. Mie chumba hicho siingii, harufu yake siiwezi. Ukihitaji kitu, ita."

Upepo wa baridi ulikuwa ukisukuma vumbi la njano la machimbo ya dhahabu uani, kwa hiyo Thérèse aliingia, akaufunga mlango, akawasha kihita. Kisha akapekua. Aliinua magunia, akakung'uta buti. Akaingiza mkono nyuma ya mbao, ndani ya sanduku la patasi, chini ya benchi mlimojaa maranda. Alipekua kwa ufundi wa miaka, kwa sababu aliwahi kuipata chupa ndani ya pipa la unga, na nyingine ndani ya tangi la choo. Alipata penseli, kofia, pipi za Chloé. Chupa hakuipata.

Likabaki pipa lililokuja juzi, zima, limelala kwenye kona. Alilisukuma kwa mguu na ndani yake kitu kikacheza, kizito na kivivu. Alichomoa kizibo, akainama, akaweka pua yake pale.

Machozi yalimtoka. Aliinuka, akainama tena ili ahakikishe, na tena. Kisha akakaa sakafuni, mgongo wake kwenye pipa, ili afikirie la kufanya. Kihita kilinguruma. Mbao zilizokuwa zimeegemezwa ukutani zilipata joto, zikaanza kutoa kile zilichonyweshwa mbali huko, miaka mingi, gizani.

Jua lilikuwa limefika kwenye kidirisha cha juu. Unga wa mbao ulipanda ndani ya mwanga, ukashuka, ukapanda, kama watu wanaokwenda sokoni na kurudi bila haraka. Taa zilizokamilika zilining'inia kwenye dari, zikageuka polepole, kila moja kwa wakati wake. Thérèse aliona ni vitu vizuri. Alikuwa hajawahi kuviona. Alikuwa amevinusa tu. Mbao zile zilipindana kama viganja viwili vinavyokinga kitu kisizimike, na ndani ya kila taa palikuwa na rangi ya asali.

Alivua viatu. Sakafu haikuwa baridi tena. Alisikia mama yake, huko kwao Uvira, akiunguza sukari kwenye sufuria kabla ya kumimina maji ya chai, na akamsikia akisema, kaa tu, Thérèse, hakuna anayekuita. Na kweli hakuna aliyemwita. Sare ya kwaya, mapazia, leso ya mama Marthe, vyote vilikuwa mbali, vidogo, vya watu wengine. Zikasikika kwato, au labda ni damu tu masikioni. Mdomo wake ukafunguka wenyewe, akaimba ule wimbo aliouacha Jumapili, kuanzia mwanzo, kwa sauti kubwa.

Bakiri aliusikia uani. Mwanzo alifurahi. Ubeti ule ule uliporudiwa mara kadhaa, na maneno yakiwa yanateleza, aliuvuta ule mlango.

"Ya Rabi. Shemeji!"

Alimtoa nje akimshika kwa kitambaa mkononi ili asimguse, akamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ua wote ukazunguka, ukatulia, ukazunguka. Bakiri alimpa maji, kisha chai ya chupa yake.

"Shemeji, umelewa."

"Sijanywa!" Thérèse alisema. "Kaka Bakiri, sijanywa kitu!"

Alilisikia neno lake likitoka. Alilisikia kama walivyolisikia wao: kubwa mno, limelegea pembeni, neno la mlevi. Aliweka kiganja mdomoni.

Bakiri alianza kucheka, akaacha. "Najua hujanywa," alisema. "Nani atakayekuamini, lakini? Ukiniuliza mie, nitaapa. Wa mtaani hawataniuliza."

Thérèse alikunywa chai mpaka ua ukaacha kuzunguka.

"Kwa nini hamfungui mlango?" aliuliza.

Fundi yule aliangalia geti lake, akaangalia viatu vyake.

"Mie kila siku naufungua, shemeji. Nimemwambia, ndugu yangu, hewa hiyo itakumaliza. Nikiufungua anasema sawa, sharp. Nikigeuka, ameufunga."

*

Alirudi Yeoville kwa miguu, akiamini kwamba kutembea kutamsaidia. Mlima uliopanda kutoka Doornfontein ulikuwa mrefu kuliko alivyoukumbuka. Kwenye robot, zile taa za barabarani, alisubiri ya kijani, ikaja, ikaondoka, ikaja tena, ndipo akavuka. Mwanamke aliyeuza mahindi alimtazama akipita, akatikisa kichwa na kusema "Eish, mama," kwa huruma iliyouma kuliko tusi.

Mbele ya saluni Célestine alikuwa anasuka mteja. Alisimama na kitana mkononi, pua zake zikafanya kazi, na Thérèse akaziona zikifanya kazi.

"Thérèse. Na wewe?"

"Nimetoka karakanani."

"Ndiyo," alisema Célestine taratibu, akiwatazama wateja. "Ndiyo, nakusikia. Nenda ulale kwanza, ma chère. Tutaongea."

Gustave alikuwa bado kitandani. Alipoinua kichwa na kumwona mke wake ameegemea mlango, viatu mkononi, aliinuka upesi. Harufu iliingia pamoja na Thérèse, na kwa mara ya kwanza Gustave ndiye aliyenusa na mkewe ndiye aliyesimama.

"Mama Chloé, umefanya nini?"

"Nilikwenda kutafuta chupa yako."

Thérèse alikaa kitandani. Gustave alikuwa anatafuta la kusema, na lililokuja lilikuwa na haki ndani yake. "Umeona sasa? Nilikwambia. Nilikuapia!"

"Umeniambia kweli. Hukunywa."

"Basi!"

"Kwa nini unaufunga mlango?"

Mtaani watoto walikuwa wanatoka shule, kelele zao zikapita chini ya dirisha, zikaisha.

"Baridi," alisema Gustave.

"Papa Chloé."

Gustave alikaa chini, sakafuni, akaegemea kitanda karibu na miguu ya mkewe. Alipozungumza hakumtazama.

"Kwa sababu mule ndani ni pazuri. Sikunywa, na singekunywa. Lakini nikishafunga, baada ya muda, hakuna kinachoniuma. Nilijiambia kwamba hiyo si pombe, ni hewa, na hewa si dhambi. Jumapili nilijua wakati wa kutoka umepita. Nikasema, kidogo tena."

Thérèse aliweka mkono juu ya kichwa chake, kwenye nywele zilizojaa unga wa mwaloni.

"Najua ni pazuri," alisema. "Mimi mwenyewe Bakiri ndiye aliyenitoa."

*

Asubuhi iliyofuata walikwenda wote wawili. Walilisukuma lile pipa hadi uani, wakalimwaga kwenye mfereji, Bakiri akisimama mbali na kuzima mashine yake ya kuchomelea. Kisha wakabeba kila kitu nje: benchi, mbao, taa. Gustave alifanya kazi juani, kofia masikioni, vidole vimepasuka kwa baridi. Thérèse alitoka saluni mchana, akakaa juu ya gunia, akapaka mbao mafuta ya kitani. Upepo ulizipuliza taa siku kutwa, na jua lile la baridi, ambalo halina joto lakini lina nguvu, likazikausha.

Kazi haikuisha kwa wakati, ikachelewa kwa siku moja, hadi Jumamosi. Steve alikuja mwenyewe na gari la mizigo. Alishika taa moja, akaigeuza, akaisifu, kisha akaileta puani. Akachukua ya pili, akanusa. Akamuuliza Gustave harufu imekwenda wapi. Wateja wake, alisema, walitaka kukaa chini ya taa na kuisikia ile wiski. Hizi ni mbao tu.

"Ni mbao nzuri, bwana," Gustave alisema kwa Kiingereza chake.

Steve alikubali kwamba ni nzuri. Akachukua nusu.

Nusu ya malipo haikutosha, na nyumba ya Turffontein ikaenda kwa watu wengine. Bibi Mreno alipiga simu kuwaambia, na alisikika ana majuto ya kweli. Thérèse alimshukuru, akaweka simu chini, akaendelea kumenya viazi. Baada ya muda Chloé alikuja akachukua kisu kingine, wakamenya pamoja.

*

Jumapili walikwenda kanisani wote watatu. Gustave alikuwa ameoga kwa maji ya moto na ndimu, na hata hivyo, walipokaa, viti vya kulia na kushoto vilibaki vitupu. Kwaya iliimba. Ndani ya sare ya Thérèse alikuwa amesimama dada mgeni, nayo ilimpwaya kidogo mabegani.

Ulipofika wakati wa ushuhuda, mtu mmoja alishukuru kwa kupata kibali cha kukaa nchini, mwingine kwa kupona mguu. Mchungaji aliuliza kama yuko mwingine. Thérèse alisimama. Mama Marthe alianza kumwashiria akae, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshamfikia.

"Bwana asifiwe," alisema. "Wiki hii, Jumanne, mimi nililewa."

Mtu mmoja aliyezoea kuitikia alisema "Amina," kisha akajuta. Ukumbi wote uligeuka.

"Sikunywa. Niliingia kwenye chumba cha kazi cha mume wangu, nikafunga mlango, nikalewa kwa harufu ya mbao. Nilipanda mlima wa Yeoville mchana, watu wananitazama. Baadhi yenu mliniona. Nikasema sijanywa, na hakuna aliyeniamini, na mimi pia nisingejiamini. Jumapili iliyopita baba Chloé alisema hapa kwamba hakunywa. Alikuwa anasema kweli. Mimi mke wake sikumwamini. Ni hayo tu."

Alitaka kukaa. Gustave alikuwa amemshika mkono, lakini hakuwa anamvuta chini. Alikuwa anautumia mkono huo kuinukia. Kipaza sauti hakukichukua, na sauti yake ikawa ndogo, hata waliokuwa nyuma ilibidi wainamishe vichwa.

"Amesema vizuri," alisema, "lakini hakumaliza. Mlango niliufunga mimi. Kila siku niliufunga, nikijua. Sasa nafanya kazi nje. Kesho nitafanya nje. Mniombee, kwa sababu ule mlango bado upo."

Mchungaji alitazama karatasi yake, akamtazama mke wake. Mama Marthe alikuwa ameinamisha macho, leso imekunjwa mapajani. Hakuna aliyeanzisha wimbo na hakuna aliyewaambia wakae, kwa hiyo wakabaki wamesimama, mikono yao imeshikana. Chloé aliwatazama kutoka chini, mmoja kisha mwingine, akaweka Biblia yake kwenye kiti na kusimama nao.